Baridi Iliyokwisha kwa Amri

Ipo nchi moja ambayo haimo kwenye ramani, na watu wawili watatu waliowahi kuitafuta kwenye ramani waliitwa kituoni waeleze walikuwa wanaitakia nini. Ni nchi nzuri, msiifikirie vibaya. Ina bonde lenye joto la wastani, ina mlima mrefu uitwao Ngaza, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozikumbuka, na ina Wizara ya Tahadhari na Utulivu, ambayo kazi yake ni kuwatahadharisha wananchi bila kuwavurugia utulivu. Hiyo si kazi nyepesi. Mtu ukimwambia nyumba yake inaungua, mara nyingi hupoteza utulivu. Kwa hiyo Wizara, baada ya semina kadhaa zilizofanyika kwenye hoteli zenye mabwawa ya kuogelea, iliamua kwamba nyumba za wananchi zisiungue tena. Ziwe zinapata joto la ziada.

Aliyewasomea wananchi maneno hayo redioni alikuwa Sikudhani Mlelwa, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, sauti ya mtu anayekukaribisha chai na mihogo. Kwa sauti hiyo alikwisha kutangaza mafuriko, yakiitwa "maji yaliyowatembelea wakazi wa kando ya mto", na njaa, ikiitwa "zoezi la kupumzisha matumbo". Watu walimpenda sana. Hawakumwamini hata kidogo, ila walimpenda. Walikuwa wamezoea kuyachukua maneno yake kama mtu anavyochukua shati lililotolewa kwenye kamba limegeuka: unaligeuza kwanza, ndipo unalivaa. Akisema sukari ipo ya kutosha, foleni zilifika madukani kabla hajamaliza sentensi. Akisema daraja ni imara, watu walivua viatu wakavuka mto kwa miguu.

Jirani yake, Mama Zabibu, aliwahi kumshukuru mbele ya watu. "Juzi uliposema umeme hautakatika, mwanangu, nikakimbilia mishumaa. Mungu akuweke. Bila wewe ningelala gizani."

Sikudhani alicheka pamoja nao. Kisha akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, asijue kama ameshukuriwa au ametukanwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemwamini moja kwa moja, bila kugeuza chochote. Huyo alikuwa mumewe, Lutengano Mbwilo, mwalimu wa muziki, ambaye hata nyumbani aliitwa Mwalimu. Walimu wenzake walimcheka wakachoka. "Mimi sisikilizi Serikali," alikuwa akiwajibu. "Namsikiliza mke wangu. Tangu nimuoe hajanidanganya, aanze leo kwa kuwa kuna kipaza sauti?"

*

Mwaka huo kipupwe kiligoma kuondoka. Ulikuwa umefika wakati ambao miaka mingine watu huanza kulala madirisha wazi, lakini kule Ngaza jalidi iliendelea kuanguka alfajiri, ikaunguza viazi na chai mpaka mashamba yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Ng'ombe walikutwa wamejikunyata penye ua, wamekufa, na umande juu ya migongo yao umeganda.

Sasa, kwa bahati mbaya, Mlezi wa Taifa alikuwa amekwisha kuwaalika wageni kutoka nje kwa ajili ya Sherehe ya Kuaga Baridi, ifanyike Uwanda wa Juu, huko huko mlimani, penye mandhari ya kupendeza kamera. Kuahirisha hakukuwezekana. Mlezi hajawahi kuahirisha kitu isipokuwa uchaguzi. Basi ikatolewa amri kwamba baridi imekwisha.

Baada ya amri hiyo, maneno ya msimu uliopita yalikusanywa na kubadilishwa. Jalidi ikawa "umande imara". Barafu ya barabarani ikawa "lami inayong'aa". Mvua ya mawe ikawa "mvua yenye msimamo". Askari waliwekwa njia panda kukusanya masweta na mablanketi kutoka kwa wasiolitakia taifa mema. Wenyewe walikuwa wamevaa mashati ya mikono mifupi kuonyesha mfano, na walipiga chafya kwa zamu ili kizuizi kisikose mtu wa kuuliza maswali. Mzee mmoja alifikishwa mahakamani kwa kosa la kutoa mvuke mdomoni mahali pa hadhara. Alijitetea kwamba alikuwa anapumua. Hakimu, aliyekuwa na huruma, alimwachia kwa onyo kwamba siku nyingine apumue kwa kuangalia msimu.

Ili wananchi wapande kwa wingi, ikatangazwa pia kwamba kila atakayefika Uwanda wa Juu atapewa mfuko wa sukari. Sukari ilikuwa haijaonekana madukani muda mrefu. Ilikuwepo ya kutosha.

Kwaya ya walimu ya Mwalimu Lutengano ndiyo iliyochaguliwa kuimba mbele ya wageni. Jioni ya kuamkia sherehe, Sikudhani alikuwa akimpigia pasi shati la kwaya, la maua mekundu, jepesi kama chandarua.

"Mwalimu, vaa fulana mbili ndani ya hili shati."

"Zitaonekana."

"Bora zionekane."

"Siku, wewe mwenyewe jana umesema redioni kwamba baridi imekwisha."

Sikudhani aliisimamisha pasi. "Nilisoma," alisema. "Sikusema."

Mwalimu akacheka, kile kicheko chake cha kurudisha kichwa nyuma. "Kusoma kwako na kusema kwako vina tofauti gani? Kinywa si hicho hicho?"

Alitaka kumjibu, na jibu lilikuwa refu, lilianza miaka mingi nyuma. Lakini kola ilikuwa imeanza kunuka moto, akashughulika na kola. Kulipopambazuka Mwalimu aliondoka na wenzake kwa basi la shule, amevaa fulana moja, kumridhisha.

*

Asubuhi hiyo Redio ya Taifa haikutaja hali ya hewa kabisa. Zilipigwa nyimbo za kwata. Sikudhani aliuliza kulikoni, akaambiwa taarifa bado inaandaliwa.

Jua lilipokuwa limeshapanda, kama lingeonekana, Dokta Mkondya alimfuata kwenye chumba cha chai. Dokta huyu alikuwa Mkurugenzi wa Hali ya Hewa, amesomea ng'ambo, na hapakuwa na wingu lililopita nchini asilolijua lilikotoka na linakokwenda. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Bi Sikudhani, mlimani kumeharibika."

"Kumeharibika vipi?"

"Mvua ya mawe tangu alfajiri. Lami yote ya Kona za Ngaza imeshika barafu, ukungu umefunga, na kuna upepo unakuja nyuma yake, huo ndio mbaya zaidi. Mtu wa shati la mikono mifupi hamalizi saa moja kule nje."

Sikudhani alikiweka kikombe mezani polepole. "Wizara wanajua?"

"Nimewaambia. Kamati ya Kupoza Maneno imekaa tangu asubuhi. Wamekwama kwenye neno 'hatari'. Waziri anapendekeza 'changamoto', lakini mjumbe wa Utalii anasema hata changamoto inafukuza wageni. Nilipotoka walikuwa wamefika kwenye 'fursa yenye ubaridi'."

"Na magari?"

"Yanapanda. Mengine yako chini, pale Mizani, yanangoja ukungu upungue."

"Dokta, wewe ndiye Mkurugenzi. Twende studio, nikupe kipaza sauti useme."

Dokta Mkondya aliangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. "Mimi nina watoto chuoni," alisema. "Na nyumba ninayokaa ni ya Serikali."

"Mimi nina mume kule juu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mwingine."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, koti lake amelivaa nje-ndani ili lisionekane kuwa koti.

Sikudhani alijaribu kumpigia Mwalimu. Simu haikuita. Mtandao wa mlimani ulikuwa umezimwa tangu jana yake, wageni wasije wakasumbuliwa na milio. Alisimama ukumbini, simu mkononi, akisikia nyimbo za kwata zikipiga ndani ya kila ofisi. Basi la shule lilikuwa na redio. Mwalimu huiwasha redio kabla dereva hajawasha injini.

Aliingia studio. Fundi mitambo, kijana wa siku nyingi kazini aitwaye Hamduni, aliinua macho.

"Zima huo wimbo," alisema Sikudhani.

"Taarifa imefika?"

"Imefika."

Hamduni akamtazama mikononi, akaona hana karatasi. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumwona mbele ya kipaza sauti bila karatasi. Alizima wimbo.

"Ndugu zangu," alisema Sikudhani, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, maana haikuwa ile ya chai na mihogo. "Mimi ni Sikudhani Mlelwa. Naomba mnisikilize. Barabara ya Ngaza imeshika barafu, mvua ya mawe inanyesha na kuna upepo wa baridi utakaoua watu. Msipande. Mlioko njiani, simameni kwenye nyumba yoyote mtakayoiona, muwashe moto, mvae chochote mlicho nacho. Mlioko chini, rudini nyumbani. Hii ni hatari. Narudia: ni hatari."

Hamduni alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Kisha simu za studio zikaanza kulia, zote kwa pamoja.

*

Aliyepiga wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye furaha kubwa. Nyuma yake kulisikika injini na watu wakiimba.

"Bi Sikudhani! Tumekusikia! Watu wote wa Mizani tunapanda sasa hivi!"

"Hapana, ndugu yangu, nimesema msipande!"

"Ndiyo, ndiyo, tumekusikia! Yaani sukari ni nyingi kiasi kwamba wakubwa wanataka kubaki nayo peke yao. Tulikuwa tunasitasita kwa ajili ya huu ukungu, lakini sasa basi. Umetufungua macho, dada."

"Nisikilize. Naomba unisikilize vizuri. Hii ni kweli. Kuna barafu."

Kisha mtu yule akashusha sauti, kwa upole wa kumfariji mfiwa. "Wamekushikia bunduki hapo, siyo? Pole, dada yetu. Usihangaike. Tumeelewa."

Akakata. Sikudhani akashika simu nyingine, na nyingine. Wote walikuwa wanashukuru. Watu waliokuwa hawana hata nia ya kwenda sherehe walikuwa wanakimbilia malori. Kuna mwanamke aliyesema amewatoa watoto shuleni ili kila mmoja achukue mfuko wake.

Simu ya mwisho ilitoka kwa Mama Zabibu.

"Mwanangu, nimebahatika, nimepata nafasi kwenye lori. Wamenipakia juu ya nyasi. Nikuwekee na wewe mfuko?"

"Mama, shuka! Shuka kwenye hilo lori!"

"Tukifika nitashuka, usijali. Wamenipa na gunia la kukalia."

"Mama Zabibu, utakufa na baridi!"

"Ee, sema tena," alisema yule mama akicheka, na sauti yake ikawa mbali kidogo, kama aliyeielekeza simu kwa wenzake. "Sikieni! Sikieni anavyosema!" Vikasikika vigelegele, kisha laini ikakatika.

Sikudhani alikaa chini. Kupitia kioo aliona dirisha la ukumbi, na nje ya dirisha mti wa uwanjani uliokuwa umeanza kuyumba. Hapo mjini ulikuwa upepo mdogo tu. Hilo lilikuwa pindo la kile kilichokuwa kinashuka kutoka Ngaza.

Hamduni alitoka chumbani kwake akaja kusimama mlangoni. "Bi Sikudhani," alisema, "waambie ni salama."

Sikudhani alikuwa bado anautazama ule mti.

"Waambie ni salama, watarudi. Sema kama siku zote. Fanya haraka, nimepigiwa kutoka getini, kuna Kapteni na askari wanakuja kukuchukua."

"Mwalimu ana redio kwenye basi," alisema Sikudhani.

"Kila mtu ana redio, ndicho tunachotaka!"

"Hunielewi, Hamduni. Yeye hageuzi."

Hamduni akarudi kwenye mitambo yake.

Sikudhani alijua kwamba Mwalimu alikuwa amelisikia tangazo la kwanza, na kwamba alikuwa amesimama. Aliliona basi kama analitazama kwa macho: limeegeshwa pembeni, walimu wamelalamika, yeye amewajibu "mke wangu amesema", wameshuka, wamewasha moto. Alikuwa salama huko aliko. Alikuwa salama kwa sababu moja tu, kwamba alimwamini mkewe, na imani hiyo ndiyo Sikudhani aliyokuwa ameishika sasa hivi mkononi. Akajiambia labda amekaa mbali na redio. Akajiambia labda wenzake watamzuia. Akajiambia hata yeye, hata mara moja hii, lazima atashtuka. Katika hayo yote hakuamini hata moja. Lakini kwenye lori kulikuwa na Mama Zabibu amekalia gunia, na watoto waliotolewa shuleni.

Akavuta kipaza sauti. Akakohoa. Ile sauti ya chai na mihogo ikarudi, laini, kamili, haina hata mkwaruzo.

"Ndugu wananchi. Serikali yenu sikivu inapenda kuwahakikishia kwamba barabara ya Ngaza ni salama, salama kuliko ilivyowahi kuwa tangu tupate uhuru. Hakuna barafu. Hakuna upepo. Tangazo lililotangulia lilitokana na hitilafu ya mitambo, na mitambo husika imechukuliwa hatua. Sukari ipo ya kutosha kwa kila mtu. Viongozi wote wako pamoja nanyi. Endeleeni kupanda bila wasiwasi wowote."

Alipofika kwenye neno "wasiwasi", walioshuhudia wanasema, lori la kwanza lilikuwa limeshaanza kugeuza.

*

Kapteni Mahimbo aliingia studio na askari wake wakati Sikudhani akimalizia kwa kumtakia Mlezi wa Taifa maisha marefu. Jina la Mlezi likitajwa, mwanajeshi hana budi kusimama wima. Basi wakasimama wima, bunduki zimeelekea dari, mpaka jina lote lilipokwisha pamoja na vyeo vyake.

"Nimetumwa kumkamata mtangazaji aliyezusha taharuki," alisema Kapteni akishusha mkono.

"Ni mimi," alisema Sikudhani.

Kapteni alikunja uso. Alikuwa amelisikia tangazo kwa masikio yake, tangu mlangoni, na hakukuwa na taharuki ndani yake. Akatoka ukumbini kupiga simu kwa wakubwa. Aliporudi alionekana kufarijika. Alikuwa ameagizwa amkamate mtangazaji wa tangazo la kwanza na kumpongeza mtangazaji wa tangazo la pili.

Alimpa Sikudhani mkono. "Hongera sana, mama. Sasa yule wa kwanza yuko wapi?"

"Nimekwambia ni mimi."

"Ametoka," alisema Hamduni haraka. "Amepita mlango wa nyuma."

Askari wakakimbilia mlango wa nyuma. Nasikia mpaka leo bado wanamtafuta.

Magari yaligeuza Mizani na kwenye kona za chini, yakashuka mbio kama yanayofukuzwa. Mengine yalikwaruzana, watu wakagombana, lakini walikuwa chini, na walikuwa hai. Upepo ulipofika ulikuta barabara tupu. Mama Zabibu alirudi nyumbani na gunia lake, amekasirika sana na Serikali iliyotaka kumpandisha kule, na akaapa kwamba Sikudhani amemwokoa tena.

Sherehe yenyewe ilifana. Mlezi wa Taifa hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya kikohozi, na wageni walibaki hotelini kwao karibu na majiko ya umeme, lakini Wizara ilitoa taarifa kwamba mahudhurio yalivuka kiwango kinachoweza kuonekana kwa macho.

*

Basi la kwaya lilikuwa limesimama Lupombe, kijiji cha katikati ya mlima, kwenye darasa la shule. Ilikuwa kama Sikudhani alivyoiona akilini. Mwalimu alilisikia tangazo la kwanza, akamgonga dereva begani. Walimu walipiga kelele kwamba wanapitwa na sukari. "Mke wangu amesema tusimame," aliwaambia, na kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa kwaya, wakasimama, wakavunja madawati mabovu, wakawasha moto. Nje mawe ya mvua yalipiga bati mpaka ikabidi wasemezane masikioni.

Kisha likaja la pili. Redio ya basi walikuwa wameileta darasani, iko dirishani. Walimu wote wakasogea karibu zaidi na moto. Mwalimu Lutengano peke yake ndiye aliyeinuka, akaanza kufunga vifungo vya shati la maua.

"Unakwenda wapi?" wakamuuliza.

"Hamjasikia? Njia imefunguka."

"Mwalimu, kaa chini. Hiyo maana yake tusitoke hata mlangoni!"

"Nyinyi ndivyo mnavyomsikiliza. Mimi ninaishi naye. Amesema tusimame, nimesimama. Amesema twende, nitakaaje?"

Wakamshika mkono. Akauchopoa, si kwa hasira, kwa aibu ya mtu anayeona mkewe anavunjiwa heshima mbele yake. Wakamwambia hawaendi. Akasema basi atatangulia kuwaambia wenye sherehe kwamba kwaya inakuja. Dereva, Kondwani, alikubali kumpeleka. Kondwani alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwaka tangu aje kutoka nchi jirani, na huko kwao redio ikisema njia ni salama, huwa ni salama.

Basi liliteleza kwenye kona ya kwanza juu ya Lupombe, likaangukia ubavu kwenye korongo. Walipatikana kesho yake, upepo ulipotulia. Kondwani alikuwa amefariki, na shati la Mwalimu la maua lilikuwa juu yake, limemfunika kifuani, vifungo vimefungwa. Mwalimu alikuwa hai kwa ile fulana moja. Miguu yake ilikuwa na rangi ya mkaa.

Siku zilizofuata Waziri wa Tahadhari na Utulivu mwenyewe alifika Redio ya Taifa kumvisha Sikudhani Nishani ya Utulivu, Daraja la Kwanza. Katika hotuba yake alisema kwamba ni mara ya kwanza katika historia ya nchi kwa tangazo la Wizara kupokelewa na wananchi kwa mwitikio wa haraka namna hiyo. Dokta Mkondya, ambaye alikuwa amepandishwa cheo, alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi bila kuinua macho. Kisha Waziri akamkabidhi Sikudhani taarifa ya ajali aisome. Ilieleza kwamba hakuna aliyekufa kwa baridi, kwa vile baridi ilikwisha kabla ya tukio, na kwamba marehemu dereva alifariki kutokana na kuchelewa kufika.

Sikudhani alikaa mbele ya kipaza sauti. Taa nyekundu ikawaka. Akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Si kwamba alikataa. Alijaribu. Alilitazama jina la Kondwani, akavuta pumzi, akajaribu tena. Hamduni aliweka wimbo wa kwata. Wizara ilimpa likizo, ikaandika kwamba mtangazaji ameugua mafua yasiyo na chanzo.

*

Hospitalini Mwalimu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha mwisho, upande wa ukuta. Walimkata vidole vya mguu wa kulia vyote na vya kushoto nusu. Alikuwa amefunikwa blanketi ambalo wauguzi waliliita shuka nene, maana mablanketi yalikuwa bado hayajaruhusiwa. Hakumuuliza mkewe kitu kwa siku nyingi. Alikunywa uji aliomletea, akamshukuru, akageukia ukutani. Sikudhani alimkanda mikono, akamsimulia habari za mtaani, za Mama Zabibu, za nani amejifungua. Sauti ilikuwa imemrudi kidogo, imepasuka.

Siku moja asubuhi alimkuta ameketi, ameegemea mto.

"Siku."

"Abee."

"Lile la kwanza lilikuwa kweli?"

"Lilikuwa kweli."

"Na lile la pili?"

Sikudhani alishika ukingo wa kitanda. "La pili niliwaambia wengine," alisema. "Walikuwa wanapanda, Mwalimu. Malori kwa malori. Mama Zabibu alikuwemo. Walikuwa hawanielewi kwa njia nyingine."

"Ulijua na mimi nasikiliza?"

Angeweza kusema hakujua. Neno lilikuwa jepesi, lingepita kooni bila taabu yoyote. "Nilijua," alisema.

Mwalimu alitikisa kichwa kwa kukubali, polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea hesabu na kukuta imekaa sawa. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Ulifanya vizuri," alisema mwishowe. "Watu wengi wamepona. Kondwani alikuwa ananiuliza, tukiwa kule chini ya basi. Ananiuliza, 'Mwalimu, mama alisema njia ni salama, siyo?' Namwambia ndiyo. Mpaka aliponyamaza namwambia ndiyo."

Sikudhani alilia bila sauti. Mumewe alimpapasa mkono, akamwachia alie mpaka atosheke. Muuguzi alipita na sinia la dawa, akampa Mwalimu zake, akasimama kungoja anywe. Dirisha la wodi lilikuwa upande wa pili, limefunikwa pazia la kijani la hospitali, na kutoka kitandani kwa Mwalimu hakukuonekana kitu isipokuwa kitambaa.

Alimeza vidonge. Akarudisha bilauri.

"Nje kukoje leo?" aliuliza.

"Kuna jua," alisema Sikudhani akijipangusa macho. "Limetoka zuri kweli. Nimekuja bila hata mtandio."

Na jua lilikuwepo. Lilikuwa limejaa uwanjani, watu wamekaa kwenye nyasi wanaliota.

Mwalimu Lutengano alimtazama mkewe usoni kwa muda, kwa upendo ule ule wa siku zote. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Samahani, dada," alisema kwa adabu. "Ukipata nafasi, naomba unifungulie lile pazia."